Kuifuata Meli kwa Ndege

Mjomba wangu, aliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa na aliyekula mshahara wa ukarani katika bandari ya Kilindini kwa miaka ishirini na minane, hakupata hata siku moja kusafiri kwa meli. Na alipojaaliwa hatimaye kusafiri, naye keshakuwa mtu wa miaka sabini na ushei, mwenye mkongojo na mvi na kikopo cha dawa za shinikizo la damu, aliambiwa kwamba kabla ya kuipanda meli hiyo sharti kwanza apande ndege, avuke jangwa la Sahara na bahari ya Mediterania, ashuke Roma, kisha apande gari la moshi hadi bandari iitwayo Civitavecchia, ambako ndiko meli ingemngojea. Akanitazama kwa muda, akatabasamu. “Mpwa wangu,” akasema, “mimi na bahari tumetazamana tangu sijaota jino, leo mnanipandisha mawinguni nikatafute bahari ya wenyewe?”

Safari ile ilikuwa tunu ya wanawe wakaao Toronto, ambao walimlipia yeye na mkaza mjomba nauli ya melini ya masiku saba, kutoka Civitavecchia hadi Napoli, kisha visiwa vya Uyunani na mji wa Kusadasi katika nchi ya Uturuki, na kurudi papo hapo walipoanzia. Na kwa kuwa wao wako mbali na wana kazi zao, shughuli ya kuwafikisha wazee gatini na kuwarudisha nyumbani salama ikaangukia shingoni mwangu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinichukua miezi minne, na katika miezi hiyo nilijifunza mambo ambayo sikuyaona yameandikwa katika vijitabu vya kampuni za meli, vyenye picha za watu waliovaa nguo nyeupe na kushika bilauri.

Mzaha wa Mjomba ulikuwa na haki yake. Alipokuwa kijana akisimama ufuoni pale panapoitwa leo Mama Ngina, akitazama meli zikipita mlango wa Likoni kuingia Kilindini, meli aliyoipenda kupita zote ilikuwa Uganda, ya kampuni ya British India, iliyoundwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1952. Nayo pamoja na ndugu yake aliyeitwa Kenya zilichukua abiria kati ya London na pwani yetu kwa njia ya Suez na Aden. Aliyetaka kwenda Ulaya zama hizo, akiwa na nauli, alikwenda gatini na sanduku lake, akaagwa na jamaa zake kwa leso na machozi, akaingia, basi, yamekwisha. Hapakuwa na haja ya kuifuata meli mahali, kwa kuwa meli yenyewe ndiyo iliyokuwa safari.

Kilichoyapindua mambo ni jeti. Tarehe 4 Oktoba 1958 ndege ya Comet ya kampuni ya BOAC ilianza kuchukua abiria baina ya London na New York, na kabla mwezi ule haujesha Wamarekani wakajibu kwa Boeing yao. Na tangu hapo mtu mwenye haraka hakuwa tena na sababu ya kulala siku tano au ishirini baharini. Meli za abiria zikabaki kama nyumba kubwa zilizohamwa, mpaka wenyewe walipotambua kwamba ikiwa watu hawazitaki tena kwa kufika, huenda wakazitaka kwa kukaa. Uganda yenyewe iliondolewa katika njia ya Afrika Mashariki mwaka 1967, ikageuzwa chuo kinachoelea cha wanafunzi wa Kiingereza, na wanafunzi hao aghalabu walirushwa kwa ndege za kukodi hadi bandari za Mediterania wakaipandie huko. Kule Miami nako, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni zilizokuwa zikizungusha meli zao katika visiwa vya Karibi zilianza kuwauzia watu wa mbali, hata wa California, nauli ya angani na nauli ya baharini kwa pamoja. Hivyo ndivyo kazi ilivyogeuka: zamani meli ilikuja kumchukua abiria, na sasa abiria ndiye aifuataye meli huko iliko, iwe Miami, Barcelona, Southampton, Piraeus au Civitavecchia.

Shida ni kwamba ndege na meli ni kama wake wenza wa nyumba mbili: kila mmoja ana saa zake, na hakuna anayejishughulisha kujua mwenziwe ameamkaje. Meli iliyotangaza kung'oa nanga saa kumi na moja jioni itang'oa saa kumi na moja jioni, maana imelipia gati, imeagiza rubani wa bandari, na ina miadi na bandari ya kesho; tena orodha ya abiria hufungwa saa moja, pengine zaidi, kabla ya wakati huo, ili majina yakabidhiwe wenye mamlaka, na jina lisilokuwamo huwa limekwisha kukosa. Mimi, kwa ujinga wa mtu anayeangalia bei tu, nilichagua ndege itakayotua kiwanja cha Fiumicino saa tatu asubuhi ya siku ile ile ya kung'oa nanga. Nikajisifu kwamba nimewaokolea wazee gharama ya hoteli. Nikampelekea Mjomba karatasi, akaivalia miwani, akaisoma kwa kituo kama alivyokuwa akisoma hati za shehena, kisha akauliza maneno mawili tu: “Na ikichelewa?”

Sikuwa na jawabu, na yeye hakulingoja. Akanisimulia habari za babu yake, aliyekuwa akisafiri kwa jahazi hadi bara Arabu, na jinsi ambavyo hapakuwa na abiria mwenye akili aliyefika marsa siku ya kutweka tanga. Kaskazi huyaleta majahazi na kusi huyarudisha, lakini upepo hauandikiani mkataba na mtu. Nahodha alingoja, na abiria alimngoja nahodha, akalala kwa jamaa zake wiki nzima, akala, akasali, akayapanga masanduku yake mlangoni, na siku hizo za kungoja zilihesabiwa kuwa ni sehemu ya safari kama zilivyo siku za maji. “Ninyi mmeondoa kungoja,” akasema, “mkadhani mmeondoa upepo.” Siku ile ile nikaibadili tikiti, nikawaombea wazee usiku mmoja wa akiba.

Kabla ya kuhadithia yaliyotukia, sina budi kulizungumza jambo moja linalowatatiza wengi, nalo ni iwapo msafiri aiachie kampuni ya meli imtafutie ndege au ajitafutie mwenyewe. Kampuni kubwa huwa na idara ya kazi hiyo, na fadhila yake si ndogo: ndege waliyoinunua wao ikichelewa, wao ndio watakaohangaika kukufikisha kwenye meli, au kukupeleka bandari inayofuata, na mara nyingi mtu wao hukungoja kiwanjani ameshika kibao. Ila nao wana kasoro yao, kwamba hukuchagulia njia iwafaayo wao, pengine ya vituo viwili na kukesha kitini saa nane, na kukichagua mwenyewe kiti au siku huwa ni kwa malipo ya ziada. Zaidi ya hayo, idara hizi zimewekwa kwa ajili ya mtu anayetoka Toronto au Manchester. Nilipouliza juu ya abiria anayeanzia Mombasa, nilijibiwa kwa jamala kubwa kwamba ajifikishe London, na kutoka hapo wataangalia.

Basi tukajitafutia, na katika kujitafutia nikashikilia kanuni moja ambayo baadaye ilituokoa: tikiti iwe moja, tangu Mombasa hadi Roma, yenye namba moja ya uagizaji. Wako watu, na nimewaona kwa macho yangu, wanunuao tikiti ya rahisi hadi mji fulani na nyingine ya rahisi zaidi kutoka hapo, wakafurahi kwa dola mia moja walizozikwepa. Hawajui kwamba kampuni ya pili haina ahadi yoyote na mtu aliyecheleweshwa na ya kwanza, na kwamba atakapofika mbio kaunta imefungwa ataambiwa anunue upya. Mwenye tikiti moja ana mkataba mmoja, na kampuni iliyoufunga naye hulazimika kumfikisha mwisho wa safari.

Viza ilikuwa mlango mwingine mwembamba. Mkenya, kama Mtanzania, haingii nchi za mapatano ya Schengen bila viza, na ombi haliwasilishwi zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku kumi na tano. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Hayo yote ni mepesi. Lililokuwa na mtego ni Kusadasi, kwani Uturuki haimo katika mapatano hayo, na meli itiapo nanga huko abiria huhesabiwa kuwa ametoka, na arudipo visiwa vya Uyunani huwa anaingia mara ya pili. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja, ambayo yaweza kumtosha mtalii wa nchi kavu, ingewaacha wazee wangu wakizuiliwa katikati ya safari iliyokwisha kulipiwa. Tukaomba ya kuingia mara nyingi, kwa Waitalia, kwa kuwa huko ndiko walikoanzia na ndiko walikokaa siku nyingi zaidi. Kisha likazuka la jina. Jina la baba yake Mjomba limeandikwa kwa herufi hizi katika paspoti, na wanawe walikuwa wameliandika kwa herufi nyingine katika uagizaji wa meli, kama ilivyo ada ya majina yetu ya Kiarabu yanapopita mikononi mwa makarani wa lugha tofauti. Nyumbani hakuna aliyepata kuliona hilo kuwa kosa. Mashine ya kiwanjani huliona. Likasahihishwa pote, meli, ndege, bima na hoteli, ndipo nikalala usingizi.

Wakaondoka. Ndege ya kwanza ilitoka kwa wakati, ya pili ikaharibika kabla ya kuruka, na katika kiwanja ambacho sitakitaja, cha kampuni ambayo sitaitaja pia, wazee wangu walikaa wakipewa kila baada ya saa moja habari ya kwamba bado saa moja. Walikuwa watue Fiumicino saa tatu asubuhi. Walitua saa kumi na mbili jioni. Ningalikuwa nimeishika rai yangu ya kwanza, meli ingalikuwa imekwisha kuondoka saa nzima, na Mjomba angalisimama Civitavecchia, mbele ya bandari aliyoijenga Kaisari Trajani mwanzoni mwa karne ya pili, akitazama maji matupu. Hata hivyo kwao meli ilikuwa ya kesho, na kampuni ile, kwa kuwa tikiti ni moja, iliwapa chakula na viti vya ndege iliyofuata bila ya senti.

Kweli, aliyekosa meli Civitavecchia ana nafuu kuliko wengine, maana Napoli iko mwendo wa saa moja na kitu kwa gari la moshi la kasi kutoka Roma, na aweza kuidiriki kesho yake asubuhi. Lakini baada ya Napoli meli hukaa baharini siku nzima, na kituo kinachofuata ni kisiwa. Kule Marekani jambo ni zito zaidi, kwa kuwa iko sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli zenye bendera ya kigeni, na nyingi mno za kitalii ndivyo zilivyo, kumchukua abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumteremsha katika nyingine pasipo kugusa bandari ya kigeni ya mbali. Hivi kwamba aliyeachwa Seattle huenda akakataliwa kuipandia meli Juneau, hata akiwa tayari kulipa nauli ya ndege ya kumfikisha huko.

Wazee walifika, begi la mkaza mjomba halikufika. Ndege hupima mizigo kwa ratili na meli haiipimi hata kidogo, na kwa sababu hiyo watu hujaza masanduku kwa ajili ya meli wakasahau kwamba yatakayoyabeba kwanza ni matumbo ya ndege. Naye alikuwa ametia humo kanga doti sita, mabuibui mawili, marashi, na pakiti za majani ya chai, kwani hakuziamini chai za Wazungu. Dawa, alhamdulillahi, zilikuwa mkobani pamoja na nguo za kulalia, kwa kuwa hilo nilikuwa nimelishikia kiapo. Begi lililopotea kwa msafiri wa kawaida huletwa hotelini. Lakini msafiri wa meli hana anwani, au tuseme ana anwani inayohama kila usiku, na begi lake huwa linakimbizana na bandari. Nilipiga simu, nikawapa jina la meli, namba ya chumba na ratiba ya vituo vyote, nikawasihi wasilipeleke Napoli kwani litachelewa, bali walitangulize Santorini. Mkaza mjomba akanunua kanzu mbili Napoli, akazichukia zote mbili.

Napoli hiyo hiyo, mwezi wa Aprili 1982, ndipo Uganda ya Mjomba ilipowateremsha ghafla mamia ya wanafunzi, serikali ya Uingereza ilipoitwaa meli ili kuifanya hospitali ya vita vya visiwa vya Falklands. Watoto waliokwenda kutazama magofu wakarushwa kwao kwa ndege kabla ya wakati. Nalitaja hilo kwa kuwa humjia mtu wazo kwamba kurudi hakuhitaji mipango kama kwenda, na wazo hilo ni la upotofu. Yatosha kuukumbuka mwaka 2010, mwezi huo huo wa Aprili, majivu ya volkano ya Iceland yalipozifunga anga za Ulaya kwa siku kadhaa, hata meli mpya ya Celebrity Eclipse ikaenda Bilbao kuwachukua Waingereza elfu mbili waliokwama nchi kavu, ikawarudisha Southampton kwa maji, kama kwamba jeti haijapata kuundwa.

Melini, siku ya pili, Mjomba alipata mwana wa nyumbani. Kijana aliyekuwa akimimina chai katika ukumbi wa chakula alimsikia akinong'ona na mkewe kwa Kimvita, akaweka birika, akamwamkia shikamoo mbele ya Wajerumani. Ni mtu wa Mtongwe, ng'ambo tu ya Kilindini. Kwake yeye safari ya ndege haina mashauri: kampuni humletea tikiti, pengine siku nne kabla, ya kwenda bandari yoyote iliko meli, naye husafiri kwa nauli ya mabaharia, iruhusuyo mizigo mingi zaidi na kubadilika kwa tarehe, na mkataba ukiisha, mwenye meli ndiye mwenye dhima ya kumrudisha kwao kwa gharama yake, kwa mujibu wa Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006. Ndivyo sheria isemavyo. Lakini kijana yule alikumbusha mwaka 2020, bandari zilipofungwa na ndege zikalala, hata mabaharia kwa maelfu wakabaki ndani ya meli zisizo abiria, mikataba imekwisha, wakitazama miji ambayo hawakuruhusiwa kushuka. “Mzee,” akamwambia Mjomba, “wewe hukosa meli, sisi hukosa ndege.”

Santorini haina gati la meli kubwa. Abiria huteremshwa kwa mashua hadi chini ya jabali, na ndivyo begi la mkaza mjomba lilivyopanda: lilikuja kwa ndege hadi kisiwani, likashushwa bandarini, likatiwa katika mashua pamoja na watalii waliotoka matembezini, likaletwa ubavuni mwa meli. Mjomba alisimama ukingoni akaliona. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akisikia kwa makarani wakongwe jinsi mizigo ilivyoletwa pwani kwa matishari kabla ya magati ya Kilindini, na hii ndiyo mara ya kwanza kuliona jambo lenyewe. Akaomba aruhusiwe kulitia sahihi yeye.

Usiku wa mwisho, abiria wote waliambiwa wayatoe masanduku yao nje ya milango kabla ya usiku wa manane, yakiwa na lebo za rangi, ili yashushwe alfajiri. Na ndege yao nilikuwa nimeichagua ya saa tatu usiku, nikijua kwamba meli hufunga gati mapema lakini forodha, basi la bandarini na barabara ya kwenda Fiumicino huila nusu ya siku. Masanduku yakapangwa kibarazani kama vikapu vya soko. La mkaza mjomba halikuwamo. Alilifunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda akalala, na asubuhi akalivuta mwenyewe ngazi kwa ngazi hadi nchi kavu. Na limekaa mpaka leo juu ya kabati lake, Mji wa Kale, na vikaratasi vyote vya viwanja vya ndege havijabanduliwa.